NI NANI ALIYEBEBA GUNIA?

Ndugu wafanyakazi,

Siku hizi twasikia sana habari za reli mpya, bandari kavu na mabarabara mapana. Twasikia pia Mombasa ikisifiwa kuwa mji wa biashara tangu kale. Maneno hayo ni mazuri, lakini kuna mtu mmoja asiyetajwa. Naye ni yule aliyebeba gunia.

Tazameni mambo yalivyokuwa. Katika karne ya 19 pwani yetu ilikuwa ghala la nafaka. Mtama na ufuta wa mashamba ya Malindi ulipakiwa katika majahazi, ukapelekwa Arabuni kwa upepo wa kusi. Wenye mashamba na wenye vyombo walipata faida. Ni nani aliyelima? Watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria katika pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907. Ni nani aliyepakia? Hamali, kwa mgongo wake. Huo ndio urithi wetu. Anayetaka kuusifu autaje wote.

Kisha ikaja reli. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Meli kubwa zikahamia Kilindini. Mahindi ya bara yakateremka kwa gari la moshi, na makuli wakayatia melini gunia kwa gunia. Mshahara ulikuwa haba, na kazi ni ya kibarua: leo ipo, kesho hakuna. Wazee wetu waligoma mwaka 1939. Januari 1947 wakagoma tena, watu wapatao 15,000. Chege Kibachia, kiongozi wa shirika lao, alikamatwa mwaka huo huo na kuhamishwa mbali. Mwaka 1955 makuli wakaweka kazi chini tena. Hakuna senti iliyoongezwa kwa huruma.

Leo nafaka imegeuza njia. Ngano nyingi tunayokula Kenya yatoka ng'ambo na kuingia Kilindini. Mitambo yaitoa tumboni mwa meli, yaipitisha juu ya mikanda mpaka maghala marefu, kisha yaimimina ndani ya lori. Kazi iliyotaka magenge ya watu sasa yasimamiwa na wachache. Hatusemi mashine zivunjwe. Gunia la kilo 90 limevunja migongo mingi, wala hatulililii. Twauliza hivi tu: gharama ikipungua, kilichopungua kimeingia mfuko wa nani? Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Bandarini mmoja achuma juani, na mwingine ala kivulini.

Na reli mpya vivyo hivyo. Ilianza kuchukua abiria mwaka 2017 na mizigo mwaka 2018. Agosti 2019 Serikali iliamuru mizigo ya bara ipelekwe kwa reli na kutolewa Nairobi. Madereva wa malori, matingo, makarani wa forodha, mafundi wa gereji, na akina mama wapishi wa Mariakani na Mtito Andei, wote walitikiswa na karatasi moja. Watu wa Mombasa waliandamana, na Oktoba amri ikasimamishwa. Hata hivyo, ilikuwa Septemba 2022 ndipo rais mpya alipoamuru kazi ya kutoa mizigo irudi Mombasa. Tulifurahi, lakini tusilale. Kilichorudishwa kwa karatasi moja chaweza kuondolewa kwa karatasi nyingine.

Kwa hivyo twadai:

(1) Kila mpango wa reli, gati au ghala uletwe mbele ya vyama vya wafanyakazi kabla ya kutiwa sahihi, si baada ya watu kufukuzwa.

(2) Mtu ambaye kazi yake imechukuliwa na mashine afundishwe kuiendesha, kwa gharama ya tajiri.

(3) Kibarua aliyefanya kazi mwezi mzima mfululizo ahesabiwe mtu wa mshahara wa mwezi, kama isemavyo Sheria ya Ajira ya mwaka 2007.

Watasema twapinga maendeleo. Waulizeni: reli ya kwanza ilipakiwa na nani? Maendeleo tumeyabeba mabegani miaka yote hii. Twataka sasa tukae mezani yanapogawanywa.

Ndugu, lipeni ada zenu na hudhurieni mikutano. Asiyekuwapo hesabu ikifanywa hahesabiwi.

UMOJA NI NGUVU!