Ada Imelipwa, Nani Atalipa Muda?

Julai 2020, serikali kuu ya Australia, serikali za majimbo na muungano wa mashirika ya Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres Strait zilikubaliana mkataba wa kitaifa wa kuziba pengo la maisha kati ya wenyeji wa asili na raia wengine. Malengo mawili ya mkataba huo yanawahusu watoto ambao hawajaanza shule. La kwanza lilitaka, ifikapo 2025, watoto 95 katika kila 100 wa wenyeji wawe wameandikishwa chekechea mwaka mmoja kabla ya shule. La pili linataka, ifikapo 2031, asilimia 55 yao waanze shule wakiwa wamekua vizuri katika nyanja zote tano zinazopimwa, kuanzia afya ya mwili na utulivu wa hisia hadi lugha na namna ya kuchangamana na wenzao.

Uandikishaji ulipanda upesi. Kwa takwimu za 2022 ulishafika asilimia 99. Ukuaji ukashuka: asilimia 35.2 mwaka 2018, 34.3 mwaka 2021, 33.9 mwaka 2024. Kipimo hiki hufanywa kila baada ya miaka mitatu, kwa hiyo kijacho ni 2027, na kingine 2030. Watoto watakaopimwa 2030 wameshazaliwa. Takwimu hizi mbili zikisomwa pamoja zinazua swali ambalo hotuba za uandikishaji huliruka: mtoto akishaingizwa kwenye orodha, humo ndani anakaa na nani?

Sisemi kwamba mwalimu ndiye chanzo cha yote. Nyumba zilizojaa kupita kiasi, maradhi ya masikio yanayowafanya watoto wa maeneo ya mbali wasisikie vizuri katika miaka ile ile wanayojifunza kusema, na umaskini wa vizazi, vyote vimo. Ila nyumba hujengwa kwa miaka kumi na tiba ya masikio iko mikononi mwa wizara nyingine. Mwalimu ni jambo ambalo serikali inaweza kulifanyia uamuzi katika bajeti moja.

Na katika jamii hizi, swali la mwalimu ni nani lina uzito kuliko mahali pengine. Kuna watoto wanaokwenda chekechea wakiwa wanazungumza Kiwarlpiri, Kipitjantjatjara au Krioli, wasijue Kiingereza ila maneno machache. Kuna pia kumbukumbu. Tangu miaka ya 1910 hivi hadi miaka ya 1970, watoto wa Kiaborijini walichukuliwa kutoka kwa mama zao kwa nguvu ya sheria na kupelekwa kwenye makao na misheni. Uchunguzi wa kitaifa uliyaanika hayo mwaka 1997, na waziri mkuu Kevin Rudd akaomba radhi bungeni tarehe 13 Februari 2008. Bibi aliyenyakuliwa akiwa na miaka minne hamkabidhi mjukuu wake kwa mgeni mwenye beji shingoni kwa sababu tu kituo kimepakwa rangi za kupendeza. Humkabidhi kwa shangazi wa mtoto, kwa mtu ambaye anamjua mama yake na nyumba yao. Ndiyo maana wenyeji walianza mapema kudai vituo vyao wenyewe: shirika lao la kitaifa la watoto, SNAICC, liliundwa 1981, na vituo vya malezi vinavyoendeshwa na jamii vikaanza kupata fedha za serikali kuu kuanzia 1987.

Shangazi huyo sasa anahitaji cheti. Tangu Januari 2014, sheria inataka angalau nusu ya walezi katika kila kituo cha kutwa wawe na stashahada au wawe wanaisomea, na waliobaki wawe na astashahada au wawe njiani kuipata. Ni sheria nzuri. Hakuna mzazi anayetaka mwanawe alelewe na mtu asiyefunzwa. Lakini kituo kidogo kilicho kilomita mamia kutoka mjini kina njia mbili tu za kuitimiza. Ama kimsomeshe mtu wa pale pale, ama kiajiri mtu wa kutoka nje, ambaye atahitaji nyumba mahali pasipo na nyumba na ambaye mara nyingi hufungasha virago mtoto akiwa ndiyo kwanza ameanza kumzoea.

Basi asomeshwe wa pale pale. Fedha za kumsomesha zipo, tena si haba. ABSTUDY, mpango wa serikali wa posho kwa wanafunzi wa Kiaborijini, umekuwepo tangu 1969. Mwaka 2023 vyuo vya ufundi vya umma vilianza kutoa nafasi zisizolipiwa ada, kozi za malezi ya watoto zikiwemo. Tangu 2024, mwanafunzi yeyote mwenyeji anayekidhi sifa za kudahiliwa chuo kikuu cha umma ana uhakika wa nafasi yenye ruzuku ya serikali, popote anapoishi. Ukitazama orodha hiyo kutoka mbali, utadhani kazi imekwisha na kilichobaki ni watu kujaza fomu.

Tumchukue mwanafunzi halisi. Yule wa kwenye vipeperushi, binti wa miaka kumi na minane aliyemaliza shule mwezi uliopita, si wa kawaida sana katika fani hii. Anayepatikana kwa wingi ni mwanamke mwenye miaka thelathini au arobaini, mwenye watoto wake na wa dada yake, ambaye tayari anafanya kazi kituoni kama msaidizi. Hawezi kuacha kazi, kwa hiyo anasoma nusu muda. Hapo ndipo anapokutana na kifungu cha kwanza: posho ya kujikimu ya ABSTUDY hulipwa kwa wanaosoma muda wote au karibu na hapo, na hupunguzwa kadiri mtu anavyopata kipato. Kwa mwanamke huyu, kufanya kazi kunamnyima posho, na bila kufanya kazi posho haimtoshi.

Akitaka shahada ya ualimu wa awali, anatakiwa kufanya siku 80 za mazoezi ya kufundisha. Hizo ni wiki 16 za kazi, na sehemu yake lazima aifanye katika kituo au shule nyingine, mbali na pale alipoajiriwa. Siku hizo hazina mshahara. Serikali ililiona hilo, na katika bajeti ya Mei 2024 ikatangaza malipo ya dola 319.50 kwa wiki kwa wanafunzi wenye uhitaji walio katika mazoezi ya ualimu, uuguzi, ukunga na ustawi wa jamii. Malipo yalianza Julai 2025. Ni hatua, na anayeipuuza hajawahi kulala njaa akiandaa somo la kesho. Lakini kuanzia Julai 2024 kima cha chini cha mshahara nchini humo kilikuwa dola 915.90 kwa wiki. Anayeacha mshahara ule wa chini kabisa kwenda mazoezini anafidiwa kama theluthi moja.

Aliye kwenye stashahada yuko pabaya zaidi. Stashahada ya malezi na elimu ya awali inadai saa 280 za kazi katika kituo kinachotambuliwa na sheria, zaidi ya wiki saba, na malipo yale mapya hayamhusu. Katika ngazi ya stashahada, wanaofaidi ni wauguzi. Kwa nini muuguzi wa stashahada alipwe na mlezi wa stashahada asilipwe, sijapata kuona hoja iliyosimama. Wasomaji wetu walioko Brisbane au Melbourne, waliofika huko wakitokea kambi za wakimbizi na baadhi yao wakaingia kazi hii hii ya kulea watoto, hawahitaji kufafanuliwa hesabu hii.

Kisha kuna misiba. Katika jamii za Kiaborijini mazishi si shughuli ya alasiri moja. Ndugu hukusanyika kutoka mbali, siku huwa nyingi, na asiyefika huulizwa. Msomaji wa Kiswahili anaelewa bila kufafanuliwa kwamba mtu hawezi kumwambia mama yake mkubwa, "Samahani, nina kazi ya kuwasilisha Ijumaa." Na kwa kuwa watu hawa hufa mapema kuliko Waaustralia wengine, misiba ni mingi. Chuo kinachohesabu kila kutokuwepo kuwa uzembe kitampoteza mwanafunzi wake bora muhula wa pili. Kitaifa, ni takriban nusu tu ya wanafunzi wenyeji wanaoanza shahada ambao huwa wamehitimu baada ya miaka tisa, ilhali kwa wengine ni takriban saba katika kila kumi. Ufadhili unaotangaza idadi ya walioanza unahesabu miche iliyopandwa, si mavuno.

Zipo njia zilizojaribiwa. Taasisi ya Batchelor, kilomita 100 hivi kusini mwa Darwin, ilianzia katika mafunzo ya walimu wasaidizi wa Kiaborijini miaka ya 1960. Wanafunzi wake huja chuoni kwa vipindi vifupi kisha hurudi kwao kuendelea, na ABSTUDY ina fungu la kulipia nauli, malazi na chakula cha vipindi hivyo. Hilo ni fungu zuri, ninaloliona kuwa miongoni mwa vitu bora katika mpango mzima, ila halirudishi mshahara uliokatika. Queensland walikwenda mbali zaidi. Mpango wa RATEP, ulioanza 1990 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha James Cook na vyuo vya ufundi, ulipeleka masomo ya ualimu kwenye jamii zenyewe, mwanafunzi akabaki karibu na watoto wake na wazee wake, na mratibu akawa hapo hapo kumsukuma pale anapotaka kukata tamaa. Mratibu huyo ndiye kipengele ambacho wahasibu hukifuta kwanza wanapotafuta pa kubana. Kwa maoni yangu ndiye wa mwisho kuguswa.

Kwa hiyo ningependa fedha zinazoongezwa zisiende tena kwenye ada. Ziende kituoni, hasa kituo kinachomilikiwa na jamii, zikiwa katika mafungu matatu: mshahara kamili wa mwanafunzi wakati wa masomo na mazoezi, mshahara wa mtu wa kushika nafasi yake, na wa mwalimu mzoefu wa kumwongoza. Serikali kuu imewahi kutoa ruzuku ya kufidia vituo kwa ajili ya wafanyakazi walio katika mazoezi ya shahada, kwa hiyo wazo si geni. Ilichokosa ni upana, udumu na kumfikia wa stashahada. Najua pingamizi la wizara: vituo vidogo havina wahasibu, na fedha zitapotea. Ni kweli vingine vitalemewa. Lakini kituo chenye watoto thelathini kinapodaiwa ripoti tofauti kwa kila kifuko cha ruzuku, anayesababisha kulemewa ni mtoa fedha. Mkataba mmoja wa miaka mitano, ripoti moja kwa mwaka, na nusu ya tatizo hilo itaisha.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi kisiasa. Oktoba 2023, takriban asilimia 60 ya wapiga kura waliukataa uwakilishi maalumu wa wenyeji katika katiba, na tangu hapo kila fungu lenye jina la Waaborijini huulizwa: kwa nini wao tu? Mama Mzungu maskini wa kijiji cha ndani naye hukosa mshahara akienda mazoezini. Hapo nakubali. Malipo ya mazoezi yawe ya kutosha kwa kila mwanafunzi wa malezi, wa rangi yoyote. Lakini lugha ya Kiwarlpiri na imani ya yule bibi hazipatikani kwa kuongeza idadi ya walimu kwa ujumla. Serikali imeahidi asilimia 55 kwa maandishi. Kumlipa mtu mwenye ujuzi usiopatikana kwingine ni gharama ya kutimiza ahadi yake yenyewe.

Wengine hupendekeza masharti: tukusomeshe, nawe utumikie kijijini miaka kadhaa, la sivyo ufadhili ugeuke deni. Kwa kijana wa Sydney anayepelekwa jangwani, sawa. Kumfunga kwa mkataba mwanamke ambaye hajawahi kuishi kwingine, na kumtishia deni akikatiza masomo kwa sababu ya misiba, ni kulipia kitu ambacho tayari unacho kisha kumwadhibu aliyekupa.

Linalobaki ni mshahara baada ya kuhitimu. Serikali ilipandisha malipo ya walezi kwa asilimia 15, kumi Desemba 2024 na tano Desemba 2025, na pengo limepungua. Hata hivyo, mwenye shahada ya ualimu wa awali akivuka barabara kwenda shule ya msingi, hukuta likizo ndefu zaidi na mara nyingi mshahara mkubwa zaidi. Wengi watavuka, na viongozi wa vituo huliita hilo hasara. Mimi nasita kuliita hivyo. Mtoto aliyetoka chekechea akamkuta mlezi wake yule yule darasa la kwanza, mwenye lugha yake na anayemjua mama yake, hajapoteza kitu. Aliyepoteza ni kituo, na kituo kifidiwe kwa kupewa nafasi nyingine ya kusomesha mara tu mhitimu wake anapoondoka, bila kuandika ombi jipya.