Mmea Ulao Nzi

Mama wawili wameniuliza kwa nini mmea ule wa kunasa nzi, ulioletwa kwa watoto wao kutoka ng'ambo, ulikufa upesi ilhali waliutunza kwa mapenzi yote.

Naona mapenzi ndiyo yaliyouua. Dionaea asili yake ni vinamasi vya Carolina, Marekani, penye mchanga usio na rutuba. Chakula unachokikosa ardhini hukipata kwa wadudu. Basi samadi inayostawisha mrehani na mwasumini, kwa mmea huu ni sumu. Maji ya visima vyetu, yenye chumvi na chokaa, nayo huunguza mizizi yake. Unataka maji ya mvua yaliyokingwa katika chombo safi, na jua la kutosha. Nyama usipewe, huozesha jani. Na watoto wakatazwe kuuchokoza kwa kijiti: vinyweleo vya jani vikiguswa mara mbili katika sekunde 20 hivi, jani hufumba; likifumba bure mara kadhaa, hunyauka.

Kuuotesha kwa mbegu kwahitaji subira ya miaka 3 hadi 5. Lakini hata mkubwa hutaka kulala miezi ya baridi kila mwaka, na baridi hiyo Mombasa tutaitoa wapi?

Mwenye hamu atafute Nepenthes wa nyanda za chini, kama ule wa Madagaska, wenye vikombe vya kuzamishia wadudu. Joto letu na unyevu wetu vyaufaa. Huo usikalishwe ndani ya sahani ya maji. Umwagiliwe kwa juu, uachwe uchuje.