Tuseme koleo, tuseme mkono

Kingamyambo, kando ya Kolwezi, limebaki tope la mtambo wa zamani wa madini, lililorundikwa tangu miaka ya 1950. Ukiongeza lile lililoshuka mto Musonoi, ni zaidi ya tani milioni 100. Tangu 2018 kampuni ya Metalkol inalichakata upya ili kutoa shaba, mukuba kama tunavyosema huku, pamoja na kobalti. Kiswahili husikika kazini kutwa. Kemia yenyewe huandikwa Kifaransa na Kiingereza, na sisi wa kitivo cha lugha tumeikubali hali hiyo kirahisi mno.

Tazameni kazi yenyewe ilivyo katika mitambo ya shaba ya ukanda huu. Asidi ya salfuriki huyeyusha shaba iliyo katika tope. Maji hayo huchanganywa na mafuta yanayofanana na mafuta ya taa, yaliyotiwa oksimu. Molekuli mbili za oksimu huibana chembe moja ya shaba na kuiacha kobalti majini. Kisha asidi kali zaidi huzilazimisha kuiachia. Kubana huko wakemia walikuita kwa neno la Kigiriki lenye maana ya gando la kaa. Wao hawakumwonea haya kaa. Sisi tunaandika “kileti” na kudhani tumetafsiri! Mimi napendekeza “koleo”, kwa kuwa kila mhunzi na kila fundi wa gereji analijua.

Koleo hilo linafika mbali kuliko Lualaba. Chukueni siklofani: pete mbili za benzini zilizolaliana kama sahani, zimefungwa pamoja kwa vifungo viwili vifupi hata haziwezi kuzunguka. Mwaka 1997 watafiti wa Merck walitangaza PhanePhos, siklofani yenye fosforasi moja kwenye kila pete. Fosforasi hizo mbili hushika rodi au ruteni, na kichocheo kinachopatikana huunda zaidi molekuli za upande mmoja kuliko zile zinazofanana nazo kama taswira ya kiooni. Katika dawa tofauti hiyo si ndogo: upande mmoja waweza kutibu na mwingine usitibu.

Upande huo nao una jina la Kigiriki, linalotokana na “mkono”. Basi tuseme molekuli ya mkono wa kuume na ya mkono wa kushoto, na uchocheaji unaochagua mkono. Siklofani ibaki siklofani, kwani jina la kitu halina ubaya likikopwa. Neno la tendo ndilo linalomfungulia au kumfungia mtu mlango.

Mhadhiri mmoja ameniambia kwamba “koleo” ni neno la karakana, halifai tasnifu. Ningependa anieleze kwa nini gando la kaa lilifaa.