Kwa Treni hadi Vijiji vya Pwani ya Italia

Baba na mama wa familia moja ya kijijini wametuandikia barua. Binti yao ni mtawa, naye yuko Roma kwa masomo. Mwezi wa Oktoba watakwenda kumtembelea, kwa fedha walizoweka kidogo kidogo miaka mingi. Watakaa Roma, watalala siku mbili Firenze, kisha watakwenda Manarola, kijiji cha pwani, kwa wazazi wa mtawa mwenzake waliowaalika. Wanauliza: Je, siku ya kurudi twaweza kutoka Manarola asubuhi na kupanda ndege Roma jioni ile ile?

Jibu letu ni hili. Kwa kuhesabu saa, mwaweza. Lakini msifanye hivyo. Usiku wa mwisho laleni Roma. Sababu zake twazieleza hapa, maana huenda zikawafaa na wasomaji wengine.

Kwanza mjue kwamba Italia kuna treni za namna mbili, nazo hazina desturi moja.

Treni kubwa za mwendo wa kasi huunganisha miji, kama Napoli, Roma, Firenze na Milano. Kutoka Roma hadi Firenze ni kama saa moja na nusu tu. Tikiti yake huandikwa siku, saa, namba ya behewa na namba ya kiti. Ukiinunua mapema, nauli huwa ndogo kuliko ya siku ile ile. Lakini tikiti ya bei nafuu kabisa haibadilishwi, wala fedha yake hairudishwi. Ukichelewa, umeipoteza.

Treni ndogo za mikoa husimama stesheni nyingi. Hizo hazina namba ya kiti. Anayewahi ndiye anayeketi. Tikiti yake ya karatasi lazima igongwe muhuri katika mashine iliyo stesheni kabla ya kupanda. Asiyefanya hivyo hutozwa faini, hata kama amelipa nauli kamili. Tikiti ya simu nayo ina namna yake ya kuthibitishwa. Binti yenu awaonyeshe.

Sasa njia yenyewe. Manarola ni kimoja cha vijiji vitano viitwavyo Cinque Terre, katika mkoa wa Liguria. Vingine ni Riomaggiore, Corniglia, Vernazza na Monterosso. Huko mlima washuka moja kwa moja baharini. Wakulima wamejenga kuta za mawe, pasipo saruji, ili kuzuia udongo wa mashamba yao ya mizabibu usiporomoke. Zamani watu walifika kwa miguu au kwa mashua. Reli ya kutoka Genova hadi La Spezia ilikamilika mwaka 1874, nayo ikawafungulia njia. Imepitishwa katika mahandaki mengi yaliyochimbwa mlimani.

Kutoka Firenze mtakwenda La Spezia, na mara nyingi itawapasa kubadili treni Pisa. La Spezia mtapanda treni ndogo ya vijijini, na baada ya dakika chache mtakuwa Manarola. Lakini angalieni: treni nyingine hupita vijiji hivi bila kusimama. Someni orodha ya stesheni kabla ya kupanda. Tena msishtuke behewa lenu likisimama ndani ya handaki, maana huko nafasi ya kujenga stesheni ni ndogo. Mlango usipofunguka, bonyezeni kitufe chake. Pale Manarola, mtatoka stesheni na kuingia kijijini kwa kupita handaki la waendao kwa miguu.

Mizigo iwe michache. Mkipenda kuona Corniglia, kumbukeni kwamba kijiji kiko juu na stesheni iko chini, na ngazi ya kupandia ina vipandio zaidi ya 370. Lipo basi dogo kwa wasioweza.

Yafaa pia kujua maneno machache yaliyoandikwa stesheni. Partenze ni treni zinazoondoka, na arrivi ni zinazofika. Binario ni njia ambapo treni yenu itasimama, nayo huandikwa kwa namba. Feriali ni siku za kazi. Festivi ni Jumapili na sikukuu, na siku hizo treni huwa na ratiba nyingine. Sciopero ni mgomo.

Saa zao huhesabiwa toka usiku wa manane. Basi 9.15 ni saa tatu na robo asubuhi, na 18.20 ni saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni. Tena Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zote za huko hurudishwa nyuma saa moja. Mkiwa safarini siku hiyo, msije mkakosea.

Haya, turudi kwa siku ya ndege. Kwa nini msitoke Manarola asubuhi yake?

Kwanza, treni ndogo ikichelewa, treni kubwa ya La Spezia haina lazima ya kuingoja. Dakika kumi za kuchelewa kijijini zaweza kuwa saa nyingi mkifika Roma. Kwa hiyo kila mnapobadili treni, acheni nafasi ya saa moja au zaidi.

Pili, reli ile imebanwa kati ya mlima na bahari. Ikizibwa, Manarola haina reli nyingine ya kuzungukia. Na Oktoba ni majira ya mvua kubwa Liguria. Tarehe 25 Oktoba 2011 mafuriko na matope yaliingia Vernazza na Monterosso, watu wakafa, na treni zikasimama.

Tatu, migomo ya treni hutokea mara kwa mara. Kwa sheria hutangazwa mapema, na katika siku za kazi baadhi ya treni za mikoa hutembea kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, na tena kati ya saa 12 jioni na saa 3 usiku. Binti yenu atazame matangazo wiki ile.

Basi pangeni safari kwa kuanzia mwisho. Andikeni kwanza siku ya ndege. Siku iliyotangulia, andikeni: kutoka Manarola asubuhi, kulala Roma. Kisha rudini nyuma hadi siku za Firenze. Mkimaliza, ndipo mnunue tikiti za treni kubwa.

Malazi ya usiku ule yatawagharimu, twajua. Lakini fedha hiyo ni ndogo kuliko nauli ya ndege nyingine, na nauli hiyo ingetoka katika akiba ile ile ya miaka mingi. Tena jioni ile ya mwisho mtakula pamoja na binti yenu pasipo kutazama saa.

Twawatakia safari njema.