Kitanda usichokilalia: Ni nani apimaye hali ya makao ya wazee?

KILA Oktoba Mosi, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mnamo 1990 kuwa ya wazee duniani, malango ya makao ya wakongwe nchini hufunguliwa kwa wageni. Wanasiasa, makampuni, makanisa na vyama vya akina mama hufika na magunia ya unga, mablanketi na mafuta ya kupikia. Nyimbo huimbwa, picha hupigwa, na wageni hurejea makwao wakiamini kwamba wazee wametunzwa.

Oktoba Pili, ni nadra mtu kubisha hodi.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo taifa hili limelikwepa kwa muda mrefu. Je, ni nani anayejua hali ya mkongwe huyo inapotimu saa nane za usiku, akiwa amelowa na hawezi kujigeuza kitandani? Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tatizo la makao ya wazee ni kwamba wanaoyapima hawalali humo, na wanaolala humo hawaulizwi.

Mnamo Juni 2023, kitengo cha upekuzi cha shirika la utangazaji la BBC, Africa Eye, kilitoa filamu iliyonaswa kwa kamera za siri katika makao moja eneo la Kikuyu, Kaunti ya Kiambu. Watazamaji walishuhudia mkongwe akichapwa, na wengine waliohitaji matibabu wakiachwa bila msaada. Umma ulighadhabika, na haki ilikuwa yake. Hata hivyo, la kutamausha zaidi ni kwamba makao hayo hayakuwa yamefichwa msituni. Yamo karibu kabisa na jiji kuu la Nairobi, na bado ilihitajika kamera iliyofichwa ndipo ukweli ujulikane.

Suala hili si dogo. Sensa ya 2019 iliwahesabu Wakenya zaidi ya milioni 2.7 waliotimiza umri wa miaka 60 na kuendelea, kati ya watu milioni 47.6. Wengi wao wangali wanaishi katika boma zao au kwa jamaa zao. Lakini mambo yanabadilika. Watoto wamehamia mijini na ughaibuni, nyumba za kupanga hazina nafasi ya bibi na babu, na maradhi ya kupoteza kumbukumbu yanahitaji uangalizi wa usiku na mchana. Huko Kilifi, wazee wengine wamelazimika kukimbilia Kaya Godoma, katika Ganze, kuokoa maisha yao baada ya kusingiziwa uchawi na watu wa ukoo wao wenyewe.

Kwa hivyo, wanaodai kwamba makao ya wazee ni mila ya kigeni isiyotuhusu wanajifumba macho. Makao hayo yapo. Mengine yanaendeshwa na watawa, kama vile Nyumba ya Wazee iliyoko Kasarani, Nairobi. Mengine ni ya makanisa au wahisani, na mengine ni biashara zinazotoza ada ya kila mwezi.

Hata lugha imechangia kuificha shida hii. Katika miji yetu, kibao chenye maneno 'nursing home' huashiria hospitali ndogo ya kibinafsi yenye daktari, wodi na chumba cha kujifungulia. Hospitali kama hiyo hupewa leseni na kukaguliwa na mabaraza ya taaluma ya tiba. Makao ya wazee si hospitali, japo wengi wa wakazi wake ni wagonjwa. Si hoteli, japo wanalipishwa malazi. Si nyumbani, japo ndilo jina yanalojiita.

Watoto wametangulia katika jambo hili. Sheria ya Watoto ya 2001 ilifuatwa na kanuni za 2005 kuhusu makao ya watoto ya kihisani, na mnamo Novemba 2017 serikali ilisitisha usajili wa makao mapya baada ya hofu ya ulanguzi na unyanyasaji kuzidi. Kwa upande wa wazee, Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kiliwapa haki ya kuishi kwa heshima, bila kudhulumiwa, na kupata matunzo ya kadiri kutoka kwa jamaa zao na serikali. Mswada wa kuwatunza na kuwalinda wazee uliofikishwa katika Seneti mnamo 2018 haukufikia kuwa sheria. Haki ikatajwa, lakini chombo cha kuipima kikasahaulika.

Basi ubora wa matunzo hupimwaje? Mnamo 1966, Avedis Donabedian, daktari mzaliwa wa Beirut aliyefundisha nchini Marekani, alitoa mwongozo ambao ungali unatumika hadi leo. Alisema huduma za afya zitazamwe kwa njia tatu: vilivyopo, yanayotendwa, na yanayompata mgonjwa hatimaye.

Wageni wa Oktoba Mosi huona la kwanza pekee. Huona majengo, vitanda na bustani. Hilo si la kudharauliwa, lakini jengo zuri halimlishi mtu.

La pili ni yale yanayotendwa kila siku. Usiku kuna wahudumu wangapi, na kila mmoja ana wazee wangapi? Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya muda gani, na nani huliandika? Je, dawa zinatolewa kwa kufuata daftari, au kwa kukisia? Ajuza ambaye mikono yake inatetemeka hulishwa polepole, au sahani huwekwa mbele yake na kuondolewa ikiwa imejaa?

La tatu ndilo lisilodanganya, kwani limeandikwa mwilini. Vidonda vya mgongoni na nyongani hutokea mtu anapolazwa upande mmoja kwa saa nyingi. Uzani unaopungua mwezi baada ya mwezi ni dalili ya ugonjwa au ya njaa, na vyote viwili vinahitaji maelezo. Michubuko ya mara kwa mara, kuanguka kila wiki, na usingizi wa kupita kiasi unaoweza kuwa umeletwa na vidonge vya kumtuliza mkorofi, yote hayo ni ushahidi. Makao yanayoweka rekodi ya mambo haya na kuionyesha bila kigugumizi yana la kujivunia, hata kama kuta zake zimebanduka rangi.

Mataifa yaliyotangulia yanatoa funzo, wala si la sifa tupu. Nchini Uingereza, tume ya kukagua huduma iliyoanza kazi 2009 huyapanga makao katika madaraja manne, na tangu 2015 matokeo hayo sharti yabandikwe mahali yanapoonekana na kila mtu. Hata hivyo, uchunguzi uliofanywa 2024 ulibaini kuwa tume hiyo ilizembea, na baadhi ya watoa huduma walikaa miaka mingi bila kukaguliwa upya. Nchini Marekani, mfumo wa nyota tano ulizinduliwa Desemba 2008, lakini kwa miaka mingi idadi ya wahudumu ilitegemea maelezo ya makao yenyewe. Ni kuanzia 2016 ambapo yalitakiwa kuwasilisha rekodi za mishahara. Funzo ni kwamba ngedere hafanywi hakimu wa kesi ya nyani, na mkaguzi asiyefika hana tofauti na mkaguzi asiyekuwepo.

Kinaya ni kwamba miongoni mwa wanaowaosha, kuwalisha na kuwageuza wazee wa mataifa hayo mawili wamo Wakenya wengi. Huko hufunzwa, hufuata daftari la zamu, na hujua kwamba mkaguzi anaweza kuingia wakati wowote. Haiwezekani kudai kwamba Mkenya hajui kumtunza mzee kitaalamu. Anajua. Kinachokosekana nyumbani ni utaratibu unaomtaka afanye hivyo.

Yapo mapingamizi yanayostahili kusikizwa. Makao mengi ya kihisani hayana ada wala ruzuku ya kutegemewa. Pesa za Inua Jamii, Sh2,000 kwa mwezi kwa waliotimiza miaka 70, haziwezi kumlipa mhudumu wa usiku. Yakibanwa kwa masharti makali ghafla, baadhi yatafungwa, na wazee watarudishwa kule kule walikotupwa. Hofu hiyo ni ya kweli, na ndiyo sababu ukaguzi bila msaada utakuwa adhabu kwa maskini.

Lakini si kila kipimo kinahitaji hela. Daftari la dawa ni kalamu na karatasi. Kuwaruhusu jamaa wafike saa yoyote, bila kuomba miadi, hakugharimu chochote. Kutomchapa mkongwe ni bure. Makao yanayokataa haya hayana umaskini wa kusingizia.

Itifaki ya Afrika kuhusu haki za wazee, iliyopitishwa Januari 2016 na kuanza kutekelezwa Novemba 2024, inayataka mataifa yahakikishe makao ya wazee yanatimiza viwango vya chini vya kitaifa. Kwa Kenya, hilo linamaanisha mambo matatu: rejista ya makao yote ambayo umma unaweza kuisoma, wakaguzi wanaofika bila kutangaza na hata usiku, na ripoti ambazo hazifungiwi kabatini. Kaunti, ambazo tayari zinasimamia zahanati na maafisa wa afya ya umma, zina uwezo wa kuanza leo.

Nayo familia isingoje serikali. Anayempeleka mzazi wake katika makao aende saa za mlo, si saa za wageni. Aombe kuona mgongo wa mzazi, si chumba chake. Azungumze naye faraghani, mhudumu akiwa mbali.

Maana mkongwe akiulizwa mbele ya watu, atasema yu salama. Hasemi hivyo kwa kuwa ni kweli. Anajua kwamba ikifika saa kumi jioni mgeni atakwenda zake, na mhudumu atabaki. Kipimo halisi cha makao yoyote ya wazee ni iwapo mkazi wake anaweza kulalamika mchana, kisha alale usiku bila woga.