Kiingilio cha Kwaya

Novemba 2024, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilifanya jambo ambalo wanakwaya wengi hawajawahi kulishuhudia: lilikataa pesa za kwaya. Rais William Ruto alikuwa amesali katika kanisa la Soweto, jijini humo, na kuacha shilingi 600,000 kwa ajili ya kwaya na baraza la kimisionari la parokia, pamoja na milioni 2 za kujengea nyumba ya mapadre. Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza zote zirudishwe. Mjadala uliofuata ulikuwa wa siasa, kama ilivyotarajiwa: mipaka ya madhabahu na ikulu, kodi, vijana waliokuwa wameandamana miezi michache kabla. Mimi nilibaki na swali dogo zaidi. Kwaya ile ilikuwa na mahitaji gani hata ikaingizwa kwenye orodha ya rais, na baada ya hapo itayatimiza kwa pesa za nani?

Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya kwaya anaijua hesabu hiyo kwa kichwa. Kuna sare, ambazo lazima zibadilike kabla majirani hawajazizoea. Kuna nauli ya basi la kwenda kuimba mkoa mwingine, kinanda, studio, na siku hizi video, ambayo hula pesa kuliko vyote vingine vikijumlishwa. Mwalimu wa kwaya, anayetoka kazini jioni na kwenda kuwafundisha watu wazima arobaini sauti nne, halipwi. Akipewa nauli anashukuru. Wanakwaya huchangishana mpaka mifuko itoboke. Ikishatoboka, huandaliwa uzinduzi.

Uzinduzi ndio onesho la muziki tulilolibuni wenyewe, na unastahili kuchambuliwa kwa uzito ambao wengine huupa majumba ya opera. Tangazo linasema saa nane. Kwaya alikwa zinafika saa nane, mgeni rasmi anafika saa kumi. Kila kwaya inaimba wimbo mmoja, kisha risala, kisha hotuba, kisha mshereheshaji anashika kipaza sauti na kuanza kutaja ahadi za meza kuu: huyu laki tatu, yule laki mbili na wenzake aliokuja nao. Kwaya mwenyeji inaimba nyimbo mbili za albamu mpya, mara nyingi kwa kufuatisha CD yake yenyewe. Watu mia nne walioketi kwenye viti vya plastiki wanapiga makofi na kurudi nyumbani. Katika shughuli yote hiyo hakuna aliyewauliza kama walichokisikia kilikuwa kizuri, kwa sababu jibu lao halibadilishi kitu. Mapato yote ya siku yamekaa mstari wa mbele.

Hapo ndipo penye tatizo. Msikilizaji wa kawaida hana deni kwa kwaya, na kwaya haina deni kwake. Anayeidai kwaya ni mgeni rasmi, na mwaka wa uchaguzi huja kulidai deni lake.

Sisemi kwaya isiimbe mbele ya wakubwa. Zabron Singers wa Kahama walivuka mpaka kwenda kuimba katika sherehe za kumwapisha Ruto, Septemba 2022, na Wakenya waliwapokea kama watu wa kwao; heshima ya namna hiyo si dhambi. Kasoro ni kwamba kwa kwaya nyingi mlango wa mkubwa ndio mlango pekee. Ukifungwa, kama ulivyofungwa Soweto, hakuna wa pili.

Na jambo hili linatokea katika eneo ambalo halijawahi kupungukiwa na sauti. Kenya ina mashindano yake ya muziki tangu 1927, na wanafunzi huanzia ngazi za chini mpaka fainali za kitaifa wakiimba vipande vya lazima na nyimbo za makabila yao. Tanzania kila usharika wa Kilutheri wa mjini una kwaya kuu, kwaya ya vijana, ya uinjilisti, ya akina mama, na kila moja ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Upande wa Wakatoliki, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipofungulia lugha za watu na miziki yao mwaka 1963, walimu wa shule na mapadre walianza kutunga misa nzima kwa Kiswahili, wakiziandika kwa nota za solfa ambazo fundi seremala au muuza duka huzisoma bila kukwama. Ni nchi ngapi ambamo fundi seremala anasoma muziki wa sauti nne?

Dunia nayo imeshachota hapa mara nyingi. Missa Luba ilizaliwa Kamina, Katanga, mwishoni mwa miaka ya 1950, mikononi mwa padre Mbelgiji Guido Haazen na vijana wa huko. Baadaye Muungano National Choir ya Nairobi, chini ya Boniface Mganga, ikairekodi upya. Kenyan Boys Choir iliimba Washington Januari 2009, Barack Obama alipoapishwa. Kuna pia Baba Yetu, ambayo Mmarekani Christopher Tin aliitungia mchezo wa kompyuta wa mwaka 2005 akitumia Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Mwaka 2011 ilipata tuzo ya Grammy, na leo inaimbwa na kwaya za shule kutoka Ulaya hadi Asia, ambazo husikilizwa na watu waliokata tiketi.

Sasa chukua mtu wa Dodoma au Kisumu anayetaka, Jumamosi jioni, kusikiliza kwaya nzuri kwa saa moja na nusu: muziki tu, bila ibada wala hotuba. Atakwenda wapi? Harusini ataisikia, msibani ataisikia, kwenye simu ataisikia. Ukumbini, kwa kiingilio, ni bahati nasibu.

Wapo wanaosema dawa ni kujenga upande wa pili, yaani okestra, opera na misimu ya maonesho kama ya Ulaya, na kwamba kwaya zetu zitajifunza kutoka huko. Upande huo upo tayari, na unafundisha mambo mengi, ila si yale wanayoyafikiria. Nairobi Orchestra imekuwapo tangu 1947, ikiendeshwa kwa sehemu kubwa na wapenzi wa muziki wenye kazi zao nyingine. Ina kiingilio, ina programu iliyochapishwa, inaanza kwa wakati. Ina pia watazamaji ambao kwa miaka mingi walifahamiana karibu wote. Ghetto Classics, iliyoanzishwa na Elizabeth Njoroge huko Korogocho, karibu kabisa na jaa la Dandora, imewaonesha watu kwamba mtoto wa mabati anaweza kupiga violin vizuri kama mtoto wa Lavington. Bajeti yake lakini inategemea wafadhili na makampuni. Kinshasa, Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, aliunda okestra mwaka 1994 na wanamuziki wakipokezana vyombo. Uzi wa violin ulipokatika, waya wa breki ya baiskeli ulichukua nafasi yake. Nyuma yao lilikuwapo kanisa zima la Kimbangu. Zanzibar, chuo cha muziki cha DCMA kilifundisha kupiga kanuni na udi kwa miaka, kisha mwaka 2019 kikalazimika kutangaza hadharani kwamba kiko ukingoni mwa kufungwa, maana fedha za wafadhili zilikuwa zimekauka.

Kila mmoja wao ana mgeni rasmi wake. Tofauti ni kwamba wa kwao huitwa mfadhili na huja na fomu za kujaza.

Opera ndiyo usiseme. Hakuna kampuni kubwa ya opera duniani inayoishi kwa tiketi peke yake. Ujerumani ina majumba ya opera zaidi ya 80 kwa sababu majimbo na miji huyalipia kwa kodi. Na ruzuku hiyo nayo si mwamba: Novemba 2022, Baraza la Sanaa la Uingereza liliiambia English National Opera kwamba ruzuku yake ya zaidi ya pauni milioni 12 kwa mwaka inaondolewa na kwamba itafute makao nje ya London. Zilifuata kelele, marekebisho na makubaliano ya kuhamishia shughuli Manchester, lakini wanakwaya na wapiga vyombo wa kampuni hiyo walikuwa wameshajifunza jambo ambalo mwanakwaya wa Soweto angewaeleza bure. Kwa hiyo nikisikia mtu akipendekeza kila mji mkuu wetu ujenge jumba la opera, huwa najiuliza nani atalipa umeme mwaka wa tatu. Hili halinizuii kufurahia kazi kama Nyanga: Runaway Grandmother, opera ya Kikenya iliyotungwa na Francis Afande na kupandishwa jukwaani na Baraka Opera, kazi inayothibitisha kwamba watunzi na waimbaji tunao. Lakini jukwaa, okestra, mavazi na miezi ya mazoezi ni mzigo ambao kiingilio hakiwezi kuubeba.

Kwaya ni habari nyingine, na ndiyo maana naitetea kama mahali pa kuanzia. Haihitaji okestra. Sauti zimeshalipiwa na wenye nazo. Tufanye hesabu ya darasa la nne: ukumbi wa watu 300, kiingilio shilingi 200 za Kenya, bei ya soda na chapati mbili. Onesho moja linaleta 60,000. Maonesho kumi kwa mwaka yanaleta 600,000, kiasi kilekile alichoachiwa kwaya ya Soweto, ambacho nacho ingegawana na baraza la parokia. Utaondoa ulinzi, matangazo na chai ya waimbaji. Kitakachobaki bado kinatosha kumlipa mwalimu kitu cha heshima na kukodi basi. Hata ukumbi ukijaa nusu, kwaya itakuwa imepata watu 1,500 ambao safari ijayo watauliza kwa nini sauti ya tatu ilikuwa chini.

Pingamizi la kwanza ni la imani, na silipuuzi. Uimbaji ni sadaka, watasema, na sadaka haiuzwi. Kanisa Katoliki lenyewe lilitoa mwongozo mwaka 1987 kuhusu maonesho ya muziki makanisani: muziki uwe mtakatifu na kuingia kuwe bure kwa wote. Naona mwongozo huo una busara, na unatusaidia kuliko unavyotuzuia. Unatenganisha mambo mawili ambayo uzinduzi umeyachanganya. Ndani ya kanisa, wimbo ni ibada, hauna bei, na mwenye laki tatu ana haki sawa na mwenye senti. Kwa kiingilio, tokeni nje.

Nje wapi? Hapa pingamizi ni zito zaidi kuliko lile la imani. Kumbi za miji yetu zimejengwa kwa ajili ya harusi na mikutano. Zina dari ya chini, vigae, feni, na spika mbili kubwa ambazo hugeuza sauti nne kuwa ukelele mmoja. Mafundi mitambo wetu wamezoea kwamba kilicho kizuri ni kilicho kikubwa. Wape kwaya ya watu arobaini isiyohitaji kipaza sauti hata kimoja, nao wataipa kumi. Kumbi zinazofaa zipo, ila zimejificha: za vyuo vikuu, za shule kongwe za bweni, na baadhi ya zile zilizojengwa zamani kwa michezo ya kuigiza, kama Kenya National Theatre ya mwaka 1952. Serikali za kaunti na halmashauri zikitaka kusaidia muziki, zisitoe pesa taslimu. Zifungue kumbi hizo bila ada na kuhakikisha vyoo vina maji.

Wanaodhani watu wetu hawalipii muziki wa kukaa na kusikiliza wavuke bahari kidogo tu. Nadi Ikhwan Safaa ya Zanzibar imekuwapo tangu 1905. Katika taarabu msikilizaji aliyeguswa na beti huinuka mwenyewe, hupita mbele ya wote kwa madaha na kumtuza mwimbaji noti mkononi. Yapo majivuno ndani yake, na vijembe pia, nani asiyejua? Lakini pesa hufuata wimbo. Mwimbaji anajua papo hapo ni ubeti upi umeingia na ni upi umepita hewani. Kwaya zetu, zenye waimbaji wengi kuliko taarabu yote ya pwani, hazina kipimo hicho.

Yuko pia mtu mwingine ambaye uzinduzi haumjui kabisa, naye ni mtunzi. Nota zake husafiri kwa fotokopi, na sasa kwa simu, kutoka parokia hadi parokia. Jina lake limeandikwa juu ya ukurasa, kulia, na mara nyingi hicho ndicho kipato chake chote. Wimbo unaimbwa jimbo zima siku ya Krismasi na mtunzi anaendelea kufundisha hisabati. Vyama vya hakimiliki vinafuatilia redio na hoteli kwa mafanikio ya kubahatisha. Kwaya hakuna anayezifuatilia, na ndani ya ibada sidhani kama inafaa zifuatiliwe. Penye kiingilio hali inabadilika. Sehemu ya kumi ya mapato ya mlangoni kwa watunzi wa nyimbo zilizoimbwa si pesa nyingi: kwa ukumbi wetu wa 300 ni shilingi 6,000 za kugawana. Ila ingekuwa mara ya kwanza kwa wengi wao kulipwa na mtu aliyewasikia.

Hayo yote yanaweza kujaribiwa bila sheria mpya na bila jengo jipya. Halmashauri inayotoa ukumbi Jumamosi moja kwa mwezi imeshamaliza sehemu yake. Sehemu ngumu iko kwa wenyeviti wa kwaya, walioandika matangazo ya namna moja kwa miaka mingi: waandike saa ya kuanza na waanze saa hiyo, waandike bei, waandike majina ya watunzi, na pale chini, ambapo kwa kawaida hukaa picha ya mheshimiwa, waache wazi.