Tia Kiasi

Muulize mpishi yeyote wa Amu chumvi ya mchuzi itiwe ngapi, atakujibu: kiasi. Tui? Kiasi. Maji ya wali? Yawe ya kiasi. Ukizidi kudadisi utaambiwa kwamba mapishi hayafundishwi, ni mkono. Fulani kajaaliwa mkono mtamu, fulani hakujaaliwa, na asiyejaaliwa akae kando amenye vitunguu.

Mimi niliambiwa sina mkono nikiwa na miaka 13. Wali wangu ulitoka bokoboko siku tuliyokuwa na wageni, na shangazi yangu mmoja akapitisha hukumu sinia likiwa katikati ya watu. Niliiamini. Nilipoolewa nikanunua kikombe cha plastiki chenye mistari, nikawa napika huku nikichungulia simu kama mtu anayesoma cheti cha dawa. Leo napika wali wa nazi bila kikombe wala simu, na mkono ni huu huu niliozaliwa nao.

Kwa hivyo hii habari ya mkono siitaki tena kuisikia. Ni uvivu wa kueleza uliovishwa kanzu ya Ijumaa.

Chukua huo wali. Kwenye simu wanasema mchele kikombe 1, maji vikombe 2. Kwa watu watatu haina neno. Wapikie watu 15 kwa hesabu hiyo, utapakua uji. Mchele hunywa maji karibu sawa na ujazo wake. Yanayobaki ni ya kupotea na mvuke, na mvuke hufuata upana wa sufuria na muda wa moto, haujali mchele ni mwingi au mchache. Ndiyo maana bibi zetu walitumbukiza kidole, ncha iguse mchele, maji yafike pingili ya kwanza. Kidole kinapima yale ya kupotea. Sufuria ikiwa pana, pingili ile ile inabeba maji mengi zaidi, na mvuke nao utatoka mwingi zaidi. Kwa chungu cha nyumbani ni hesabu safi kuliko ya kikombe, lakini mimi nilichoambiwa ni "tia kidole, utajua." Nilitia. Sikujua.

Tena mchele haufanani. Pishori ya Mwea iliyovunwa juzi haitaki maji mengi. Iliyokaa ghalani hunywa zaidi na huchambuka punje kwa punje. Bibi yangu alikuwa akipepeta, akisita, akiokota punje moja kwenye uteo na kuitafuna. Siku moja nikamsikia akinong'ona: "Mtele huu mpya. Mai haba." Maneno matano, na yalinifaa kuliko miaka yote niliyosimama nyuma yake. Ila hakuwa akiniambia mimi, alikuwa akisema peke yake.

Tui nalo vivyo hivyo. Mbaazi huivishwa kwa tui jepesi, lile la pili. Kasimile, lile tui zito la kwanza, huingia mwisho, moto ukiwa umepunguzwa, mwiko ukizunguka polepole. Likichemka kwa fujo linakatika: mafuta juu, madonge meupe chini. Ukwaju au ndimu ikiwahi kuingia, linakatika upesi zaidi. Nyumbani kwetu msichana akikatisha tui walisema mkono wake mzito. Makaa yalikuwa mengi kwenye seredani, basi!

Wazee watanijibu kwamba wao hawakufundishwa kwa karatasi. Kweli. Lakini walishinda jikoni na mama zao asubuhi hadi magharibi, miaka kumi na zaidi, wakaona tui likikatika mara mia. Binti wa leo yuko shuleni mpaka jioni, kisha yuko chuo Mombasa. Miaka kumi ya kutazama hana. Akinyimwa maneno atakwenda kwenye simu, halafu tumcheke kwamba anapika kwa simu.

Na hicho kikombe chenyewe si cha tangu na tangu. Hata Marekani walikuwa wakiandika siagi "ya ukubwa wa yai", mpaka kitabu cha Fannie Farmer wa Boston, kilichotoka mwaka 1896, kilipoeneza vikombe na vijiko vya kusawazishwa kwa kisu. Sisi tulikuwa na pishi yenye vibaba 4. Kibaba kilijua watu wangapi wanakula, maji hakikuyajua.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mkono huu huwa wa wanawake tu panapokuwa na vyombo vya kuosha. Arusini na kwenye Maulidi ya Riyadha, masufuria ya pilau hukorogwa na wanaume, miko mirefu kama makasia. Jahazini, kwenye jiko la sanduku lililojazwa mchanga, anayepika ni baharia. Huyo alijaaliwa lini? Alijifunza kwa sababu wenzake walikuwa na njaa na bandari ilikuwa mbali.

Kiasi kinasemeka. Chumvi ya wali: onja tui kabla mchele haujalinywa, liwe limekolea kidogo kuliko unavyopenda. Kupalia makaa: ngoja vishimo vitokee juu ya wali, na mlio wa chungu uache kutokota uanze kuchakarisha. Vitunguu vya kukaanga: vitoe mapema kidogo kabla ya rangi unayoitaka, kwani vitazidi kuiva nje ya mafuta.

Mpwa wangu wa miaka 19 nilimweleza hivi, kwa maneno, Ramadhani iliyopita. Wali wake sasa unaliwa mpaka ukoko. Mbaazi bado zinamshinda. Anatia kasimile moto ukiwaka kwa sababu ana haraka ya kwenda kucheza mpira. Ijumaa anakuja tena, na makaa nitayapunguza mimi.